Sahihi ya Kumi na Tisa

Nilisaini kwa sababu ya soda. Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa nikilipamba kwa maneno mengine: uchovu wa msiba, heshima kwa wageni, haraka ya kurudi mjini. Lakini siku ile kulikuwa na jua, soda zilikuwa kwenye beseni lenye maji, na binti aliyezigawa ndiye aliyeshika karatasi. Ulisaini, ukapewa.

Nilikuwa nimetoka Musoma kuja kijijini kwa matanga ya mama mdogo. Kijiji chetu kipo katika Wilaya ya Butiama, upande unaoelekea Bunda, mahali ambapo vilima vya mawe vimesimama kama mizigo iliyoshushwa na mtu akasahau kuirudia. Siku moja baada ya kuanua matanga, mtendaji akapita na pikipiki akitangaza kwamba kuna wageni shuleni, watu wote wafike. Tukaenda. Wageni walikuwa watu wanne, wamebandika ramani juu ya ubao wa darasa la tano, na mmoja wao akatueleza kwamba eneo letu limependekezwa kujengwa kituo cha kisasa cha usimamizi wa taka ngumu.

Mzee aliyekaa nyuma yangu alisikia neno “kituo” akanyoosha mkono. “Na dawa zitakuwepo?” akauliza. Sisi tulikuwa tumeomba kituo cha afya miaka mingi. Yule mtaalamu akacheka kwa upole, akaendelea na ramani yake. Hakuna aliyemjibu mzee, na mimi niliyeelewa tofauti ya kituo na kituo nikanyamaza.

Ilipofika zamu ya mama, alimuuliza binti karatasi ni ya nini. “Ya mahudhurio tu, mama.” Mama akaichukua, akaisoma juu hadi chini taratibu, kidole kikifuata mstari. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima miaka ya sabini, na tangu hapo hajawahi kulichukulia andiko kama kitu chepesi. Sehemu ya juu ya karatasi ilikuwa tupu, haikuwa na kichwa cha habari. Akairudisha. “Haijasema ni ya nini,” akasema, akaondoka bila soda. Mimi mwenye stashahada nilikuwa nimeshasaini, namba kumi na tisa.

Miezi minane baadaye simu ilinikuta sokoni Nyasho. Alikuwa mwalimu mstaafu wa kijijini, aliyenifundisha hesabu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa mkato, akauliza, “Mura, hii sahihi ya mkia wa mjusi ni yako?”

Ilikuwa yangu. Karatasi ilikuwa imepata kichwa chake sasa, imechapwa kama kiambatisho nyuma ya ripoti nzito: orodha ya wananchi walioshirikishwa na kuridhia mradi. Mwalimu alikuwa ameipata ripoti kwa kuomba, kuombaomba, na hatimaye kukaa kwenye benchi la ofisi fulani siku mbili mfululizo hadi wakachoka kumwona. Tatizo lake lilikuwa moja. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, kurasa zaidi ya mia mbili, na Kiswahili chake kilikuwa kurasa nne za mwanzo zinazosema mradi ni mzuri. Kiingereza chake cha kufundishia hesabu hakikutosha. “Uliyesaini ndiye utakayetafsiri,” akasema.

Nikapanda basi Bweri Ijumaa ile. Tulikaa usiku mara nne sebuleni kwa mama, taa ya sola katikati, mimi nikisoma na kusema kwa Kiswahili, mwalimu akiandika kwenye daftari la mraba, mama akichambua maharage na kutusikiliza. Nilidhani kazi yangu ni nyepesi. Usiku wa kwanza tulikwama kwenye sentensi iliyosema eneo la mradi ni kichaka kisichokaliwa. “Kisichokaliwa na nani?” mama akauliza. Nikasema maana yake hakuna nyumba. Akanyamaza kidogo. “Ng’ombe wa kijiji kizima wanashinda pale. Kuni zinatoka pale. Mkunde pori wa mboga unatoka pale. Waandike kwamba hakuna mtu anayelala pale, hilo nitakubali.”

Usiku wa pili tulikwama kwenye yale maji yanayotoka chini ya lundo la taka. Mvua inapenya kutoka juu, inachanganyikana na uozo, betri, dawa zilizokwisha muda na vinyesi vya kwenye pampasi, kisha inachuruzika chini ikiwa nyeusi na kali. Nilijaribu “majitaka”, nikaona hapana, hayo ni ya chooni. Nilijaribu “kimiminika kitokanacho na mtengano wa taka”, mwalimu akakataa kuliandika hilo. Mama hakuinua uso kwenye ungo. “Usaha,” akasema. “Taka zikioza zinatoa usaha.” Mwalimu akaandika. Tangu usiku ule hadi mambo yalipokwisha, kijiji chote kilisema usaha, na baadaye hata mtaalamu mmoja likamponyoka mbele za watu.

Ripoti ilisema usaha huo utazuiwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi na utando wa plastiki utakaotandikwa chini ya shimo. Kwa maandishi inaridhisha, na niseme wazi kwamba dampo lililojengwa hivyo na kutunzwa hivyo ni bora mara nyingi kuliko mashimo ya wazi tunayoyaona pembezoni mwa miji yetu, yanayofuka moshi usiku na mchana huku makorongo wenye vipara wakitembea juu yake kama wenye mali. Ila watu wa Mara wana historia na utando wa plastiki. Mei 2009, maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kule Tarime yakaingia Mto Tigithe, ambao watu waliutegemea kwa kunywa na kunyweshea mifugo. Wenye mgodi walieleza kwamba utando wa bwawa ulikuwa umeibwa. Sijui kama kuna maelezo yangeweza kutisha zaidi ya hayo: usalama wa mto mzima ulikuwa mikononi mwa plastiki ambayo mtu anaweza kuikata usiku akaezekea banda. Mwaka 2019 baraza la taifa la mazingira, NEMC, likautoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu. Kwa hiyo ripoti ilipotaja utando, shemeji yetu mmoja aliyeolea kwetu akitokea Nyamongo, huko kwenye mgodi, alicheka hadi akakohoa.

Kisha ukaja Machi 2022. Maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa, na watu wa Rorya, Tarime na Butiama wakaambiwa wasiyatumie. Kamati iliyoundwa na waziri ilichunguza ikarudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng’ombe pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza hewa ya oksijeni majini. Nchi nzima ilicheka. Vijiweni Musoma ng’ombe walipewa vyeo vya wakemia. Mimi nimewahi kusoma kidogo habari za maji, na ninajua kwamba uozo mwingi ukisombwa kwa pamoja unaweza kweli kuua samaki kwa kukosa hewa. Kama sayansi, jibu halikuwa la ajabu kama tulivyolifanya. Lakini jibu sahihi likitolewa kwa watu walioshiba majibu ya uongo huwa halina pa kukaa. Hilo ndilo lililokuwa darasani siku ya mkutano wetu wa pili: kila sentensi ya mtaalamu, hata zile za kweli, ilikutana na kicheko kilichotangulia kufika.

Mkutano huo wa pili ulikuwa mkutano mkuu wa kijiji, na hapo ndipo daftari la mraba lilipofanya kazi yake. Mwalimu alikuwa ameisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. (Mwaka huohuo, Oktoba, mwalimu huyu alitembea kwa miguu hadi Butiama kumzika Mwalimu mwenzake, na hupenda kuviunganisha viwili hivyo kana kwamba sheria ile ilikuwa wosia. Haikuwa, lakini sijawahi kumbishia.) Sheria hiyo inasema ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi unakwenda kwa waziri baada ya kuyasikia mapendekezo ya kijiji. Eneo letu lilikuwa ekari 60, hekta 24 hivi. Mwalimu alisimama akauliza swali moja tu: mkutano mkuu uliokubali ulikaa lini, na muhtasari wake uko wapi?

Wakatoa ile orodha.

Akaipokea, akavaa miwani, akaanza kusoma jina moja moja kama anayeita mahudhurio ya darasa. Aliyeitwa akasimama na kusema kama aliulizwa kukubali chochote. Wa kwanza hapana, wa pili hapana, wa tatu alikuwa mtoto wa kidato cha pili aliyekuja kufuata soda. Alipofika namba kumi na tisa nilisimama nikiwa na hotuba nzuri kichwani. Hakunipa nafasi. “Huyu,” akawaambia watu, “anaishi Musoma. Si mkazi wa kijiji hiki. Mkutano mkuu ni wa wakazi waliofikisha miaka kumi na minane. Sahihi yake ni batili.” Akapiga mstari.

Watu walicheka na kupiga makofi, nami nikacheka. Ila nilipokaa nilihisi kitu kikinishuka tumboni. Nilizaliwa pale. Kitovu changu kiko pale. Na kilichonitoa kwenye orodha ya aibu ndicho kilichonitoa kwenye orodha ya wenyeji, kwa kalamu moja ya wino mwekundu.

Yaliyofuata yalikuwa ya mama. Mtaalamu alionyesha kwenye ramani kwamba mkondo wa maji hauendi upande wa lambo tunalonyweshea mifugo. Mama akauliza ramani ilichorwa mwezi gani. Agosti, wakamjibu. “Agosti hata mimi ningechora hivyo,” akasema. “Rudini Aprili.” Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba masika yakikolea korongo la mashariki hujaa, maji yanavuka ule ukingo wa mawe na kushuka lamboni, na kutoka lamboni yanafuata kijito hadi ziwani, kama yanavyofanya maji yote ya upande wetu. Alijua kwa sababu mwaka 1974, tulipohamishwa katika Operesheni Vijiji, familia yetu ilishushwa na lori ukingoni mwa korongo lile, na mvua ya kwanza ilibeba sufuria zetu. Alizifuata hadi lamboni. Hakuna kifaa kilichopima mkondo ule vizuri zaidi ya zile sufuria.

Nimesimulia hadi hapa kama hadithi ya ushindi, na kijijini ndivyo inavyosimuliwa. Mkutano ulikataa. Wageni hawakurudi Aprili. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayamo kwenye masimulizi hayo.

La kwanza ni binamu yangu. Alikuwa na shamba la muhogo la ekari tano ndani ya eneo lile, ardhi iliyochoka, na alikuwa amepiga hesabu ya fidia: pikipiki mbili za biashara na ada ya mtoto wa chuo. Vijana wengine walikuwa wameahidiwa kazi za ulinzi na kuchambua plastiki. Kwenye mkutano aliposimama kusema anakubali, alizomewa, na mimi nikiwamo. Hakuna aliyemuuliza atakula nini. Mwaka wa tatu huu tukikutana njiani anamwamkia mke wangu, mimi ananivuka.

La pili nililiona kwa kuchelewa, na lilitokana na hadithi ambayo mwalimu aliipenda kuliko zote. Miaka ya themanini alifundisha Dar es Salaam, shule isiyokuwa mbali na Tabata, wakati jiji lilipomwaga taka zake pale. Alitusimulia jinsi moshi ulivyoingia darasani, jinsi nzi walivyotua kwenye ubao hadi nukta za desimali zikawa hazieleweki. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, kina Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu. Jiji likaamriwa kuacha. Likaomba muda. Likapewa, likaomba tena, na tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza hata siku, akishangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu, akaegemea haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Mwalimu alipofika hapo husimama kabisa. Kituo cha daladala cha Tabata Dampo kipo hadi leo, dampo lenyewe lilishaondoka.

Ila liliondoka kwenda wapi? Nilianza kulifuatilia baadaye, nikiwa peke yangu. Lilikwenda Kunduchi Mtongani. Watu wa Kunduchi nao, Festo Balegele na wenzake 794, wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, wakashinda. Likaenda Vingunguti. Kutoka Vingunguti likaenda Mtoni, kando ya bonde la mto. Kutoka Mtoni likaenda Pugu Kinyamwezi. Ukiweka kidole kwenye ramani ya jiji ukafuata majina hayo, utaona njia ambayo dampo hupita: linasukumwa na wenye wakili hadi lipate wasiokuwa naye. Huko Marekani, katika kaunti ya Warren, North Carolina, mwaka 1982 watu Weusi maskini walilala barabarani mbele ya malori ya udongo wenye sumu; zaidi ya 500 wakakamatwa, na dampo likajengwa vilevile. Na pale ambapo hakuna anayelizuia wala anayelitunza, lundo hupanda hadi liamue lenyewe. Agosti 10, 2024, baada ya mvua, mlima wa taka wa Kiteezi nje ya Kampala uliporomoka juu ya nyumba zilizokuwa chini yake na kuua watu zaidi ya 30. Waliokufa walikuwa majirani, na wengine walikuwa waokota plastiki, yaani watu wa ile kazi aliyokuwa akiitamani binamu yangu.

Dampo letu nalo lilipata mahali. Sitasema wapi, wenyewe wana haki ya kuzungumza wakitaka. Ni kijiji ambacho basi la Bunda hukipita bila kusimama. Hawakuwa na mwalimu mstaafu wa kukaa kwenye benchi siku mbili. Walisaini. Halikujengwa la kisasa, bila shaka. Utando na mfinyanzi vilibaki kwenye kurasa zile mia mbili, na kilichopo ni shimo, uzio wa nusu, na moshi. Nilipita hapo mwaka jana nikiwa dirishani. Jambo ambalo sikulitegemea lilikuwa kwamba nilitambua baadhi ya vitu: mifuko ya unga wa kiwanda ninachonunua, chupa za maji nilizozizoea. Mwili wangu ulitaka kuangalia upande wa pili, upande wenye vilima.

Kwa kweli kijijini kwetu hatukuwa na taka za kujaza shimo. Maganda yanaliwa na mbuzi, majivu yanakwenda shambani, kopo linakuwa kikombe, kisha kibatari, kisha mwanasesere. Taka zilizokuwa zinatafuta makazi zilikuwa zangu. Mimi wa Musoma, niliyesimama darasani nikiwa namba kumi na tisa iliyofutwa, ndiye niliyekuwa nikipelekwa kuzikwa kwenye malisho ya mama yangu. Na katika usiku zote zile nne za kutafsiri, hakuna hata mmoja wetu, mimi kwanza, aliyeuliza kwa nini mji uliojaa wachuuzi wa mboga na dagaa, ambao nusu ya uchafu wake ni maganda, majani na vichwa vya samaki, unahitaji ekari 60.

Mama alikuja kwangu Musoma mwaka huu kutibiwa macho. Asubuhi ya pili kijana mzoa taka alipita na mkokoteni akipiga kopo. Nikatoa salfeti letu. Mama akatoka nyuma yangu na kanga begani.

“Hujambo, mwanangu.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unazipeleka wapi hizi?”

“Mbele huko, mama.”

“Mbele wapi?”

Kijana akaonyesha kwa kidevu, upande wa barabara kuu. “Kuna sehemu tunamwaga, lori linakuja kuchukua. Linakopeleka mimi sipajui.”

Mama akachuchumaa pale mlangoni, akafungua salfeti. Akaanza kutoa: maganda ya ndizi, maganda ya viazi, matumbo ya sato tuliyomnunua Mwigobero jana yake, majani ya mchicha, kipande cha ugali mkavu. Akayarundika kwenye sinia pembeni. Nilimwambia, mama, hapa hatuna mbuzi. Hakunijibu. Mke wangu alichungulia dirishani akarudi ndani. Alipomaliza, salfeti lilikuwa limebaki na pampasi tatu, kopo la dawa ya mbu na mifuko, limelegea kama puto lililotoka upepo. Akalifunga, akampa kijana.

Kijana akalipima kwa mkono, akaniangalia. “Bei ni ileile, kaka.”

Nikamlipa. Mama alikuwa ameshasimama na sinia kichwani, anauliza kama kuna jirani mwenye kuku.